Mwalimu wa Kitamil Aliyekubali Kuwa wa Pili

Tamil Nadu, jimbo lililo kusini kabisa mwa India, limewahi kuwa na Mawaziri Viongozi watano waliotoka katika ulimwengu wa filamu na jukwaa. C. N. Annadurai na M. Karunanidhi walikuwa waandishi wa michezo. M. G. Ramachandran alikuwa mwigizaji aliyeabudiwa na umma, mkewe Janaki aliigiza pia, na J. Jayalalithaa alikuwa nyota wa kike wa enzi zake. Msomaji wa mbali akisikia habari hizi hudhani kwamba siasa za Watamil ni tamasha la sinema tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kwa zaidi ya miaka sitini, katika safu ya mbele ya siasa hizo hizo, alikuwamo mzee mmoja ambaye hakuwahi kuandika filamu wala kuigiza. Alikuwa amesomesha fasihi ya Kitamil chuoni, na hadi anakufa watu hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Perasiriyar, yaani Profesa.

Jina lake lilikuwa K. Anbazhagan. Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1922 katika kijiji cha Kattur karibu na mji wa Tiruvarur, kwenye bonde la mto Kaveri, nchi ya mashamba ya mpunga na mahekalu makubwa. Wazazi wake walimpa jina la Ramaiah, linalotokana na Rama, mungu wa Kihindu. Alipokuwa kijana alilitupa jina hilo akajitwalia lingine la Kitamil kitupu. Hakuwa peke yake. Rafiki yake Narayanaswamy naye alilivua lake, akawa Nedunchezhiyan. Katika miaka ile vijana wengi wa Tamil Nadu walibadili majina kwa sababu moja: hawakutaka kubeba maisha yao yote chapa ya Kisanskriti, lugha ya makuhani wa tabaka la Wabramini.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana bila kuielewa hasira hii hatutamwelewa Anbazhagan. Katika Jimbo la Madras la wakati wa Waingereza, Wabramini walikuwa wachache sana kwa idadi, lakini ndio waliojaa katika ofisi za serikali, mahakamani na vyuoni. Waliobaki, wenye vyeo vya chini katika ngazi ya matabaka ya kuzaliwa, walianza kuuliza maswali. Sauti kali kuliko zote ilikuwa ya E. V. Ramasamy, aliyejulikana kama Periyar, mtu asiyeamini mungu yeyote, aliyehubiri kwamba matabaka ni uzushi na kwamba watu wa kusini, aliowaita Wadravida, wana lugha na heshima yao wenyewe. Mwaka 1937 serikali ya jimbo chini ya C. Rajagopalachari wa chama cha Congress ilitangaza kwamba Kihindi, lugha ya kaskazini, kitakuwa somo la lazima katika shule za sekondari. Maandamano yakazuka. Watu zaidi ya elfu moja wakakamatwa, Periyar akafungwa, na vijana wawili, Natarajan na Thalamuthu, wakafia kifungoni mwaka 1939. Mwaka uliofuata amri ile ikafutwa.

Anbazhagan alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitano hivi mgogoro ulipoanza. Kizazi chake kilijifunza mapema kwamba lugha inaweza kumtoa mtu roho.

Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Annamalai, Chidambaram, na huko akachukua shahada ya uzamili katika Kitamil. Uamuzi wa kusomea Kitamil haukuwa wa kawaida kwa kijana mwenye akili. Enzi za ukoloni, mwalimu wa Kitamil alikuwa mtu wa kudharauliwa shuleni. Mwalimu wa Kiingereza au hesabu alikuwa na mshahara mzuri na alisalimiwa kwa adabu. Mwalimu wa Kitamil alipewa kipindi cha mchana, wanafunzi wakiwa wanasinzia, na mshahara wa kubangaiza. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyepita katika shule ambako mwanafunzi alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini Annamalai ya mwanzo wa miaka ya 1940 ilikuwa tanuri. Wanafunzi waliokaa mabweni yale walisoma mashairi ya kale ya Kitamil asubuhi, jioni wakahutubia mikutano ya Periyar na Annadurai. Nedunchezhiyan alikuwa miongoni mwao. Walijifunza kusema kwa namna mpya: sentensi ndefu zenye vina, zilizosafishwa maneno ya Kisanskriti, zinazopanda na kushuka kama wimbo. Wanasiasa wa Congress walizungumza lugha ya ofisini; hawa vijana walizungumza lugha ambayo mkulima asiyejua kusoma aliisikia ikimpa heshima, hata pale ambapo hakuelewa kila neno.

Sifa za vijana hao zilifika Tiruvarur. Huko palikuwa na mvulana mmoja wa shule, mdogo kwa Anbazhagan kwa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa ameanzisha jumuiya ya wanafunzi na gazeti la kuandikwa kwa mkono. Akawaalika wasemaji wa Annamalai waje kuhutubia jumuiya yake, na Anbazhagan akaja. Mvulana huyo ndiye Karunanidhi. Hakufika chuo kikuu kamwe. Alianguka mtihani wa kumaliza sekondari, akaingia katika uandishi wa michezo ya kuigiza na baadaye filamu. Mmoja mgeni wa heshima, mwingine mwenyeji wa mkutano. Mmoja mwanachuo, mwingine asiye na cheti. Baadaye daraja ziligeuka, na mwanachuo akawa chini ya asiye na cheti kwa nusu karne. Ndani ya jambo hilo ndimo ulimo uzito wa maisha ya Anbazhagan.

Mwaka 1944 alianza kusomesha Kitamil katika Chuo cha Pachaiyappa, mjini Madras. Annadurai mwenyewe alikuwa amesoma hapo. Anbazhagan alikaa Pachaiyappa miaka kumi na mitatu. Hatuhitaji kubuni alivyofundisha. Tunajua alichofundisha, na tunajua wakati wenyewe. Mhadhiri wa Kitamil katika miaka ile alikuwa akifundisha mashairi ya karne nyingi zilizopita yanayosimulia wafalme, mabaharia na wapendanao wa kusini, fasihi ambayo misingi yake haikutoka Kisanskriti. Kwa mwanafunzi aliyekuzwa akiamini kwamba ustaarabu wote wa India umeshuka kutoka kaskazini, somo hilo lilikuwa siasa tosha. Mwalimu hakuhitaji kutaja chama.

Chama chenyewe kikazaliwa. Mwaka 1949 Periyar, aliyekuwa na umri wa miaka sabini, alimuoa Maniammai, mwanamke wa miaka ya thelathini, na wafuasi wake vijana wakaona kwamba mzee anataka kuufanya uongozi wa harakati kuwa mali ya nyumbani kwake. Annadurai akajitoa pamoja na wengi. Tarehe 17 Septemba 1949, katika bustani ya Robinson huko Madras, huku mvua ikinyesha, walitangaza chama kipya: Dravida Munnetra Kazhagam, DMK, Chama cha Maendeleo ya Wadravida. Anbazhagan alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo. Msomaji aikumbuke sababu hiyo ya mgawanyiko, yaani kuogopa chama kugeuzwa mali ya nyumba moja, kwa kuwa miaka mingi baadaye Anbazhagan alikutana nayo tena, safari hii akiwa yeye ndiye mzee wa chama.

Kwa miaka minane ya kwanza DMK haikugombea ubunge. Ilijenga maktaba za mitaani na vyumba vya kusomea magazeti, ilichapisha majarida, ilicheza michezo ya kuigiza, ilifanya mikutano usiku. Viongozi wake waligawanyika kwa namna ya kupendeza: waandishi wa filamu upande mmoja, na upande mwingine wasomi wenye shahada za Kitamil, watu wa kutoa hoja, tarehe na ushahidi. Anbazhagan alikuwa wa kundi la pili. Hakuwa msemaji wa kuchekesha wala wa kuliza watu kama Annadurai. Alihutubia kwa utaratibu wa darasani, jambo hili linatokana na lile, kisha hitimisho.

Uchaguzi wa mwaka 1957 ndio wa kwanza kwa DMK. Anbazhagan aliacha kazi ya ualimu akagombea jimbo la uchaguzi la Egmore, katikati ya Madras, akashinda. Alikuwa na miaka 34. Miaka miwili tu kabla ya hapo, huku kwetu, Julius Nyerere alikuwa ameacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya TANU, naye akabaki kuitwa Mwalimu hadi alipokufa mwaka 1999. Ulinganifu unaishia hapo: Nyerere alikuwa wa kwanza katika chama chake. Anbazhagan aliingia Bunge la jimbo akiwa mmoja wa wabunge 15, Annadurai akiwa kiongozi wao na Karunanidhi akiwa mmoja wa wenzake.

Uchaguzi uliofuata, wa 1962, DMK ilipata viti 50, na Anbazhagan akahamia baraza la juu la Bunge la jimbo. Muongo ule ulikuwa wa moto. Katiba ya India ilikuwa imeweka kipindi cha miaka kumi na mitano ambacho Kiingereza kingeendelea kutumika serikalini kando ya Kihindi. Muda huo uliisha tarehe 26 Januari 1965. Kwa Mtamil aliyesoma, maana yake ilikuwa dhahiri: mitihani ya kazi za serikali ingefanywa kwa lugha ya mama ya wengine. Wanafunzi wa vyuo vya Madras wakamiminika barabarani. Vijana kadhaa walijiteketeza kwa moto. Polisi wakapiga risasi, na idadi ya waliokufa iliyotolewa na serikali ilikuwa kama sabini. Serikali kuu ya Delhi ikarudi nyuma, na Kiingereza kikabaki.

Wako wanaosema DMK iliwachochea wanafunzi, wako wanaosema wanafunzi waliiburuta DMK. Mimi naona kwamba swali hilo linapotosha. Wanafunzi waliokuwa barabarani mwaka 1965 walikuwa wamefundishwa, miaka ishirini mfululizo, na walimu wa aina ya Anbazhagan. Walimu hawakuhitaji kuwapa amri.

Mwaka 1967 DMK ilishinda viti 137 kati ya 234, na Congress haijawahi kuunda serikali yake Tamil Nadu tangu siku hiyo. K. Kamaraj, jabali la Congress, aliangushwa nyumbani kwake Virudhunagar na kijana wa harakati za wanafunzi. Anbazhagan hakuwamo katika baraza la mawaziri la Annadurai, kwa kuwa safari hii alichaguliwa kwenda Bunge la taifa huko Delhi, akiwakilisha Tiruchengode. Kwa hiyo alikuwa mbali na makao ya chama pale ambapo hatima ya chama iliamuliwa: tarehe 3 Februari 1969 Annadurai alifariki kwa saratani, baada ya kutawala chini ya miaka miwili. Mamilioni walijaa barabara za Madras kumzika.

Mrithi wa kawaida alikuwa Nedunchezhiyan, msomi, wa pili katika serikali. Aliyekichukua kiti ni Karunanidhi, mwandishi wa filamu, mtu wa kazi ya usiku na mchana, aliyejua jina la kila katibu wa wilaya na aliyekuwa na msaada wa Ramachandran, mwigizaji aliyependwa kuliko wote. Wasomi walishindwa na watu wa jukwaa. Nedunchezhiyan hakuumeza uchungu ule vizuri, ingawa alibaki. Anbazhagan alifanya hesabu nyingine. Mwaka 1971 alirudi Madras, akashinda jimbo la Purasawalkam katika uchaguzi ambao DMK ilipata viti 184, akaingia serikali ya Karunanidhi akiwa Waziri wa Afya.

Kisha chama kikapasuka. Mwaka 1972 Ramachandran alianza kudai hadharani hesabu za fedha za chama. Akafukuzwa, na Oktoba mwaka huohuo akaunda chama chake, ADMK. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari, DMK ikampinga, na tarehe 31 Januari 1976 serikali ya Karunanidhi ilivunjwa kwa amri ya Delhi. Viongozi wa chama walisombwa na kutiwa ndani. M. K. Stalin, mtoto wa Karunanidhi, alipigwa vibaya katika gereza kuu la Madras, na mbunge Chittibabu, aliyefungwa pamoja naye, alipoteza maisha. Mwaka 1977 Ramachandran alishinda uchaguzi. Nedunchezhiyan akaiacha DMK, na muda si mrefu akaangukia upande wa Ramachandran.

Kiti cha katibu mkuu kikawa wazi. Alikikalia Anbazhagan, na hakukiacha kwa miaka arobaini na mitatu.

Katika DMK katibu mkuu si karani. Barua ya kumsimamisha au kumfukuza mwanachama hutoka kwake. Barua iliyomfukuza Ramachandran ilikuwa ya Nedunchezhiyan alipokuwa na wadhifa huo. Karunanidhi alikuwa na umati, magazeti, kalamu na ukoo. Anbazhagan alikuwa na kanuni za chama. Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja, na historia ya vyama vya Tamil Nadu karibu yote inaithibitisha methali hiyo: Annadurai na Periyar, Karunanidhi na Ramachandran, Karunanidhi na Nedunchezhiyan. Karunanidhi na Anbazhagan ndio walioikanusha.

Walikaaje? Jibu rahisi ni kwamba Anbazhagan hakuwa na tamaa. Silipendi jibu hilo, kwa sababu mtu asiye na tamaa hagombei ubunge mara kumi na kitu. Ninachokiona mimi ni kwamba alijua mipaka ya kipaji chake. Hakuweza kukusanya umati kama mwenzake, wala hakujidanganya kwamba angeweza. Na zaidi ya hapo, miaka kumi na mitatu ya nje ya madaraka, kutoka 1976 hadi 1989, iliwafunga pamoja kuliko ushindi wowote. Ramachandran hakushindika. Wabunge, wafadhili na marafiki walihama. Chama kisicho na serikali hujulikana wenye nacho.

Katika miaka hiyo ya ukame kuna matukio mawili yanayomwonyesha Anbazhagan alivyokuwa. La kwanza ni la Agosti 1983. Mwezi uliotangulia, huko Sri Lanka, Watamil waliuawa na maduka yao kuchomwa Colombo na kwingineko, katika fujo zinazokumbukwa kama Julai Nyeusi. Karunanidhi na Anbazhagan waliona kwamba serikali ya Delhi na ya Madras hazijafanya la maana, wakajiuzulu ubunge siku moja. La pili ni la 1986. Kihindi kilikuwa kimezuka tena, na DMK iliitisha maandamano ya kuchoma kurasa za Katiba zinazohusu lugha rasmi. Anbazhagan, mwenye miaka 63, alishiriki. Spika P. H. Pandian akawavua ubunge wabunge kumi wa DMK kwa kosa hilo, naye akiwamo. Mwalimu aliyesomesha vijana sheria za sarufi alifukuzwa Bungeni kwa kuchoma sheria mama. Sioni kinyume chochote katika hilo. Kwake yeye vifungu vile vilikuwa sehemu ya ule mgogoro wa 1937, ila vimevaa nguo nyingine.

Ramachandran alikufa Desemba 1987, chama chake kikagawanyika kati ya Janaki na Jayalalithaa, na mwaka 1989 DMK ikarudi madarakani. Anbazhagan, mbunge wa Anna Nagar, akapewa Wizara ya Elimu. Serikali hiyo nayo ilivunjwa na Delhi mapema mwaka 1991, lakini wizara hiyohiyo ilimrudia 1996 hadi 2001. Hapo ndipo mwalimu wa Kitamil alipopata nafasi ya kufanya kile alichokihubiri ujana wake wote, na hapo ndipo alipogonga ukuta.

Ukuta huo haukujengwa na Kihindi. Uliwekwa na wazazi wa Kitamil wenyewe. Baada ya miaka thelathini ya utawala wa vyama vya Kidravida, familia za Chennai (jina jipya la Madras tangu 1996) zilikuwa zikiwahamishia watoto wao katika shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Mwaka 1999 serikali ilitoa amri kwamba Kitamil, au lugha ya mama ya mtoto, iwe ndiyo ya kufundishia hadi darasa la tano. Wenye shule wakaenda mahakamani, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Madras ikaifuta amri. Harakati iliyomzuia Waziri Mkuu Nehru na warithi wake kuleta Kihindi haikuweza kumzuia mzazi wa mtaa wa pili kuleta Kiingereza. Anayefuatilia mijadala ya lugha ya kufundishia Tanzania ataitambua hali hii bila msaada wangu: wapiga kura wanaishangilia lugha yao mkutanoni, kisha wanalipa karo ya lugha nyingine.

Chamani, wakati huohuo, mambo yalikuwa yakielekea kule ambako waasisi wa 1949 walikukimbia. Mwaka 1993 Vaiko, msemaji hodari na kipenzi cha vijana wa chama, alifukuzwa. Karunanidhi alidai kwamba maisha yake yamo hatarini kwa sababu ya watu wanaotaka kumweka Vaiko mahali pake. Wengi waliamini kwamba kosa la Vaiko lilikuwa kung'ara kuliko Stalin. Wafuasi wake kadhaa walijichoma moto kwa uchungu. Sehemu nzima ya uongozi iliondoka pamoja naye kuunda chama kingine. Laiti Anbazhagan, mwenye kanuni mikononi, angetikisa kichwa, DMK ya leo huenda isingekuwa hivi ilivyo. Hakutikisa. Alisimama na Karunanidhi, na chama hakikuporomoka.

Nasema waziwazi kwamba hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu bila kupima. Uaminifu wake ulikiokoa chama katika miaka ya ukame. Katika miaka ya neema uliupa ukoo mmoja muhuri wa heshima ambao usingeupata kwingine. Mtu akiuliza kwa nini baba anamrithisha mwana, alionyeshwa Profesa ameketi kando yao, ametulia.

Lakini kuna jambo alilolifanya peke yake, akiwa na miaka themanini, ambalo limebaki katika vitabu vya sheria vya India.

Jayalalithaa alitawala mara ya kwanza kuanzia 1991 hadi 1996 na kutangaza kwamba anachukua mshahara wa rupia moja tu kwa mwezi. Aliposhindwa uchaguzi, wapelelezi waliingia nyumbani kwake wakakuta dhahabu, sari na viatu kwa mamia, na akashtakiwa kwa kumiliki mali ya zaidi ya rupia milioni 660 isiyolingana na kipato chake. Kesi ilianza Chennai. Mwaka 2001 akarudi madarakani, na mashtaka yakawa yanaendeshwa na waendesha mashtaka walio chini ya serikali ya mshtakiwa. Mashahidi wakaitwa tena, na zaidi ya sitini wakageuza ushahidi wao. Anbazhagan akaenda Mahakama ya Juu ya India na ombi fupi la kueleweka na kila mtu: kesi hii haiwezi kutendewa haki katika jimbo hili, ihamishwe. Novemba 2003 mahakama ilikubali, ikaipeleka Bangalore, katika jimbo jirani la Karnataka.

Kesi ilichukua miaka kumi na moja zaidi. Septemba 2014 Jaji John Michael D'Cunha alimtia hatiani Jayalalithaa akiwa Waziri Kiongozi, kifungo cha miaka minne na faini ya rupia bilioni moja. Alipokata rufaa Mahakama Kuu ya Karnataka, mwendesha mashtaka aliyesimama upande wa serikali alikuwa ameteuliwa na Tamil Nadu, yaani na serikali ya chama cha mshtakiwa mwenyewe. Anbazhagan, mwenye umri wa miaka 92, akarudi tena Mahakama ya Juu, na Aprili 2015 majaji wakasema uteuzi ule haukuwa halali. Mwezi uliofuata Jayalalithaa aliachiwa huru, lakini rufaa ikaendelea. Alikufa Desemba 2016. Tarehe 14 Februari 2017 Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu ya mwanzo. Kwa Jayalalithaa kesi ilikuwa imekwisha na uhai wake, ila mwandani wake V. K. Sasikala, aliyekuwa amesubiri siku chache tu aapishwe kuwa Waziri Kiongozi, akapelekwa gerezani. Ni wazi kwamba chama cha Anbazhagan kilinufaika kisiasa, na si haba. Hata hivyo hoja aliyoipeleka, kwamba mshtakiwa asijichagulie anayemshtaki, ni hoja sahihi hata ikitoka kinywani mwa hasimu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2006 DMK ilikuwa imerudi serikalini, na Anbazhagan, mbunge wa Harbour, alipewa Wizara ya Fedha akiwa na miaka 83. Ilikuwa serikali ya ahadi kubwa: mchele wa rupia mbili kwa kilo, baadaye rupia moja; televisheni za rangi za bure; na kufutwa kwa mikopo ya ushirika ya wakulima, karibu rupia bilioni 70. Wachumi wa Delhi waliguna. Wakati huohuo Tamil Nadu ilikuwa ikiendelea kuvuta viwanda vya magari na kuwalisha watoto wa shule chakula cha mchana, na hadi leo wachumi hao hawajaafikiana kama ukarimu ule ulikuwa ubadhirifu au uwekezaji. Mwaka 2009 Stalin aliteuliwa Naibu Waziri Kiongozi. Waziri wa pili kwa cheo, mwalimu wa siku nyingi, alipisha.

Uchaguzi wa 2011 uliwaangusha wote, naye akiwamo. Hakurudi Bungeni tena. Lakini kalamu ya katibu mkuu ilikuwa haijakauka. Mwaka 2014 M. K. Alagiri, mtoto mwingine wa Karunanidhi aliyekuwa akigombana na ndugu yake Stalin, alisimamishwa Januari kwa tangazo lililotoka kwa Anbazhagan, na kufukuzwa Machi. Hata ugomvi wa watoto wa nyumba moja ulihitaji sahihi ya mzee asiye wa nyumba hiyo.

Karunanidhi alifariki tarehe 7 Agosti 2018, akazikwa ufukwe wa Marina karibu na Annadurai baada ya mabishano ya mahakamani. Kabla mwezi haujaisha Stalin alichaguliwa bila mpinzani kuwa rais wa chama, Anbazhagan akiwa angali katibu mkuu. Anbazhagan alifariki Chennai tarehe 7 Machi 2020, akiwa na miaka 97. Mwaka uliofuata DMK ilishinda na Stalin akawa Waziri Kiongozi.

Serikali hiyo haikumjengea Profesa kaburi la ufukweni. Ilichofanya ni kuyapa jina lake makao ya idara ya elimu mjini Chennai, na mwaka 2022 ikatangaza mpango wa rupia bilioni 70 kwa miaka mitano wa kujenga madarasa na kukarabati shule za serikali, nao ukaitwa kwa jina la Perasiriyar Anbazhagan.